Anwani kwa Mkono

Binti aliweka laptopu yake juu ya meza ya kupigia pasi, akakalia ndoo iliyofudikizwa. Chumba walichopanga kilikuwa na kiti kimoja, na mama yake alikuwa amekikalia akipinda sketi ya mteja. Binti aliishi kwa kuchapa barua za watu, lakini waifai ya wapangaji iliipa laptopu anwani mpya ya mtandao kila asubuhi, na printa ikawa haiioni tena. Akaamua kuipa anwani ya kudumu, kwa mkono.

Linux, mfumo unaoiendesha laptopu, ilipokea kila alichoandika, ikahifadhi, kisha ikarudi kwenye anwani yake ya asubuhi kana kwamba haijaambiwa kitu.

"Kichwa kigumu kama baba yako," mama alisema bila kuinua macho. "Jaribu anwani ya nyumbani."

Nyumbani ni kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba. Baba mdogo alihamia humo wiki ile ile ya msiba, eti ailinde, na mpaka leo anailinda. Namba za mtandao wa kule binti alizikumbuka, maana ni yeye aliyezipanga. Akaziandika.

"Sasa inauliza lango la mtandao," alisema.

"Nyumba gani haina lango? Weka."

Akaweka namba ya lango la kule, akazima waifai, akaiwasha tena ili mabadiliko yashike. Yakashika. Mlango wa chumba, ambao siku zote hufungukia korido ya wapangaji, ukafungukia jikoni kwa marehemu.

Baba mdogo alikuwa anamenya kitunguu.

"Karibu, shemeji," alisema. "Rudishieni huo mlango, upepo unachezea jiko langu."

Wakaingia, mama akalitazama jiko. Mapazia aliyoyashona mwenyewe yalikuwa yamekatwa matambara. Akachukua moja, akafuta sinki, kwa kuwa lilikuwa chafu.

"Tunarudi lini kwetu?" aliuliza.

"Mambo ya ukoo hayo, shemeji. Tutakaa tuyazungumze."

"Wewe umeshakaa."

Baba mdogo akamgeukia binti. "Hebu nitazamie simu, mwanangu. Mtandao umekatika sasa hivi."

Binti akaichunguza kwa hamu ya fundi. Nyuma yake mlango ulikuwa umeanza kubadilikabadilika: mara jikoni, mara korido.

"Simu yako na laptopu yangu zina anwani moja," alisema. "Haziwezi kukaa pamoja. Kila moja inaisukuma nyingine nje."

"Kumbe ni hilo tu! Basi jibadilishie wewe. Mimi hii nimeshaizoea."

Mama akakamua tambara, akalianika kwenye bomba, wakarudi chumbani. Binti akaongeza moja kwenye namba ya mwisho ya anwani. Alitaka kujua moja ni umbali gani.

Ilikuwa upana wa ukuta. Tangu hapo mlango wao hufungukia uani kwa marehemu, ndani ya lango, nje ya dirisha la jiko. Printa haisumbui tena. Mama huanika nguo huko, jua ni zuri. Jioni baba mdogo hugonga kioo.

"Shemeji, hivi chumvi inakaa wapi humu?"

"Kabati la juu, kushoto," mama hujibu, vibanio vya nguo mdomoni. "Nyuma ya vikombe vyangu."