Kisima Chini ya Vigae

Zakiya alisugua vigae vya bwawa la Madam Lynn huko Bofa, akachovya karatasi ya kupimia maji, akaridhika. Ilikuwa wiki ya pili tangu waache klorini, iliyokuwa ikimwasha Lynn macho, wakaanza kutia dawa ya oksijeni, ambayo ikishaua uchafu hurudi kuwa maji matupu.

Adhuhuri alimkuta babu yake, Bwanamkuu, aliyefariki miaka kumi na minane iliyopita, amechutama ukingoni na kopo, akitawadha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kisima changu wamekitanua."

"Mbona siku zote hukuja?"

"Maji yalinuka dawa. Maji yaliyobadilika harufu hayatawadhiwi."

Zakiya alimngoja amalize miguu, kisha akauliza lililomkaa rohoni tangu utotoni: kisima na shamba alimwuzia nani?

"Sikuuza. Nimekufa sijatia kidole kwenye karatasi ya mtu."

Kumbe ukoo mzima ulikuwa umemlaumu mzee bure bilashi! Zakiya alipandwa na hasira, akamtia babu yake kwenye tuktuk hadi kwa wakili. Wakili aliwapa viti, akawasikiliza, akasema tatizo ni moja: marehemu hana kitambulisho, kwani kilirudishwa serikalini siku ya kuchukua cheti cha kifo. Hati ya Lynn ya kumiliki shamba, kwa upande wake, ilikuwa na mihuri yote.

Lynn hakuwa na neno na marehemu. Kilichomkera ni kanzu ya mzee kuanikwa kwenye mwavuli wake wa bwawani. Akaleta ndoo ya klorini.

"Tia hii."

"Sitii."

"Nitakuachisha kazi, Zakiya."

"Niachishe. Babu hajamaliza kutawadha, na maji ni yake."

Akampokonya ndoo, akaifunika, akaikalia. Barua ya kuachishwa kazi aliisoma papo hapo, juu ya ndoo.

Kesho yake alirudi. Hakupiga hodi, maana kwao mtu hapigi hodi. Kalume, mlinzi, alimfungulia lango, naye akasafisha kichujio na kutia dawa yake ya oksijeni.

Hati ingali kabatini kwa Lynn, na hakuna mahakama iliyoigusa. Lynn huogelea kila siku. Lakini ikifika adhuhuri hutoka majini, kwa kuwa siku hizi wanaokuja kutawadha ni safu nzima ya marehemu, na Bwanamkuu humwambia kwa adabu:

"Tupishe kidogo, mgeni wetu."