Ziwa la Shufaa

Mtoto wa nne wa Mwajabu alizaliwa analia, na kilio hicho peke yake kiliwaliza wanawake wote waliokuwamo chumbani. Watatu waliomtangulia walitoka kimya, wakazikwa nyuma ya migomba hapo Ihanda, na kila mara lawama ilimwangukia mama. Ana jini, walisema. Amelogwa. Akanyweshwa makombe, maji yaliyooshea maandishi ya dua, akavalishwa hirizi mpaka shingo ikalemewa. Mumewe Feruzi, mwenye duka la nguo na chumvi, ambaye wazee wake walitoka Bagamoyo, hakulaumiwa na mtu. Nani amlaumu mwanamume mwenye duka?

Safari hii Mwajabu hakuomba kingine ila huyu mmoja aishi.

Lakini mtoto, Hamadi, alikuwa na uso wa kizee. Pua ilimziba, akipumua anakoroma, na baada ya siku chache nyayo na viganja vikaanza kubambuka kama ganda la ndizi ya kuchoma. Bibi Kokugonza, mkunga wa Kinyambo, alimgeuzageuza akaguna.

"Mawe, mama wee! Omwana, mtoto huyu, mmempa nini?"

"Maziwa ya mamake," akajibu mama mkwe, na papo hapo shauri likakatwa: maziwa ndiyo mabaya. Yakapimwa kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Mwajabu alikamuliwa kwenye kikombe cha kahawa, ndani akatiwa sisimizi. Sisimizi akafa. Na sisimizi gani, jamani, asiyekufa akizamishwa kwenye maziwa? Hakuna aliyeuliza. Mwajabu akafungwa kifua kwa kaniki, maziwa yakamvimbia hadi akashikwa na homa.

Ndipo Shufaa, mdogo wake aliyeolewa jirani, akaja na Zaituni wake mgongoni, mtoto mnene aliyeanza kusimama dede.

"Mlete, dada. Maziwa ninayo tele, na mwanao ni wangu. Sasa watakuwa ndugu wa ziwa."

Feruzi alikuwa mlangoni. Alifungua kinywa, akakifumba, akaenda zake dukani.

Hamadi alinyonya, akanenepa kidogo, na Mwajabu akathubutu kucheka. Furaha haikudumu. Midomo ya mtoto ikapasuka pembeni, akawa akiguswa mkono analia kana kwamba umevunjika, na asubuhi moja akafia mapajani mwa Shufaa. Dada wawili wakalia pamoja.

Arobaini ilipokwisha, Mwajabu alimwambia mumewe, katika mazungumzo tu, kwamba Shufaa ametokwa na kidonda kwenye chuchu.

"Kinamuuma?" Feruzi aliuliza, haraka mno.

"Hata. Ndiyo maana hakijali."

Feruzi aliweka chini kitambaa alichokuwa akikipima. "Changu nacho hakikuuma," alisema.

Akaeleza bila kumtazama. Alikipata Tabora, safarini, kabla hajamwoa. Wenzake wa msafara walimwambia ni kaswende, kwamba huingia damuni ikala watoto, na mtoto mgonjwa humwambukiza anayemnyonyesha. Akakipaka mrututu, ile dawa ya buluu ya vidonda, kikakauka, akajiona amepona. "Kilikauka, Mwajabu. Wallahi kilikauka."

"Na tulipozika wale watatu? Na ulipomwona Shufaa anatoa ziwa lake?"

"Niliona aibu."

Aibu! Watoto wanne wameliwa na aibu ya mtu mzima mwenye ndevu. Mwajabu alimchukia saa ile, lakini hakukaa kumtukana. Zaituni alikuwa bado ananyonya ziwa lile. Akachukua ushungi, akakatiza migombani anakimbia.

Alimkuta Shufaa uani anamenya ndizi, mtoto amelala mapajani. Kabla Mwajabu hajapata pumzi, Shufaa alimshika mkono, akacheka kwa soni.

"Dada, usinicheke. Nimeshika mimba, na huyu hata hajaachishwa. Akiwa wa kiume tutamwita Hamadi, urudishiwe wako."

Mwajabu aliketi chini. Akamwambia yote, ya Tabora, ya mrututu, ya kidonda kisichouma. Zaituni aliamka, akageukia kifua cha mamake. Shufaa akamzuia kwa kiganja, na mtoto akapanua kinywa kulia. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na ufa mdogo mwekundu.

"Na huyu?" Shufaa aliuliza, mkono wa pili tumboni.

Mwajabu alikuwa amezaa wanne, akazika wanne. Jibu alilijua; akaweka kiganja chake juu ya mkono ule wa tumboni.