Cherehani Niliyoishukuru Kabla ya Kuijaribu

Nilipofika ghorofa ya sita sikuwa na pumzi ya kusalimia. Mama Jacklyne alinifungulia mlango, akanitazama, akasema, "Kaa kwanza, Mama Muoki. Cherehani haina miguu ya kukimbia."

Nikakaa. Tangu saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nikisugua sakafu za ofisi mjini, na sasa nilikuwa nimepanda ngazi za jengo lao mtaani Pipeline nikiwa na kipande cha kitambaa cha sare na uzi mweusi mkobani.

Nilihitaji cherehani yangu mwenyewe. Darasa letu la ushonaji la jioni kule Tassia lina cherehani nne na wanafunzi ishirini na wawili, na mimi, mwenye miaka hamsini na mmoja, hufika wa mwisho kutoka kazini. Mtihani wa vitendo ulikuwa umebakiza wiki tatu, na sikuwa nimewahi kumaliza kola hata moja kabla zamu yangu haijaisha.

Ile aliyokuwa akiiuza Mama Jacklyne ilikuwa mezani, ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale kiganja cha marehemu mama mkwe wake kilipozoea kupita.

"Tuombe kwanza," Mama Jacklyne akasema. "Kitu cha marehemu hakitoki nyumbani bila maombi. Ongoza wewe."

Kanisani kwetu tumezoea kushukuru kabla jibu halijaonekana. Ombi lenye "kama" ndani yake tunaliona ni shaka. Kwa hiyo nilifumba macho, nikaweka mkono juu ya kile chuma baridi, nikasema, "Asante Baba kwa cherehani hii uliyonipa." Mama Jacklyne akaitikia amina kwa sauti. Nilipofumbua macho alikuwa tayari anamwandikia Kabiru, fundi mmoja wa mtaani aliyekuwa akiitaka, kwamba imepata mwenyewe.

"Lakini sijaijaribu," nikasema.

"Si ujaribu basi. Ni yako."

Nikazungusha gurudumu polepole. Lilikwenda jepesi, bila kukwaruza. Nikaiinua kuangalia kama chuma kimepasuka mahali, hakikuwa kimepasuka. Nikapapasa meno yanayovuta kitambaa. Bado yalikuwa makali.

Mama Jacklyne akacheka. "Unakagua kama daktari wa ng'ombe. Ifungue na mdomo."

Nikatunga uzi, nikakunja kitambaa mara mbili, nikashona. Uzi ukakatika. Nikatunga tena, ukakatika tena.

"Hapo ni mkono," akasema. "Mama alishonea mtaa mzima na hiyo."

Niliamini kwamba ni mkono. Niliitazama sindano mpaka nikaona mfereji wake mdogo uko upande wa kushoto. Zile za darasani tunazitunga kutoka kulia. Hii, ya zamani zaidi, ilitaka kutungwa kutoka kushoto. Nikageuza uzi. Ikashona mishono midogo, iliyonyooka, urefu wa shubiri nzima, na mabega yangu yakalegea. Kisha ikaruka. Ikashona mitatu, ikaruka miwili.

Nikafungua kibati cha chini, nikatoa kile chombo chembamba, kirefu kama kokwa ya tende, kinachobeba uzi wa chini. Ncha yake, ambayo ndiyo huukamata uzi wa juu, ilikuwa imelika, butu kabisa. Mwalimu wetu, Bwana Wakoli, aliwahi kutafuta chombo kama hicho soko la Gikomba siku mbili, akarudi mikono mitupu.

"Mama Jacklyne, siwezi kuichukua."

"Umemshukuru Mungu kwa hii mashine. Nimesikia na masikio yangu. Kabiru nimemkataza kwa sababu ya hiyo asante yako."

"Najua."

"Sasa ni Mungu amekosea ama ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kuichukua kungekuwa rahisi zaidi. Ningeketi nayo nyumbani ikiruka mishono, na mimi nikijiambia imani yangu inajaribiwa. Lakini wanaosahihisha mtihani huvuta mshono kwa vidole vyao.

"Basi ongea na yeye," akasema, akielekeza kidevu darini. "Ulisema mbele yangu, rudisha mbele yangu."

Sikuwahi kurudisha ombi maishani mwangu. Nilifumba macho, na safari hii mikono niliiacha mapajani. "Baba, nilisema umenipa, na wewe hukuwa umeniambia hivyo. Nilichoka, nikataka jambo liishe. Cherehani hii inaruka mishono na siichukui. Nisamehe kwa kumfukuzia Mama Jacklyne mteja."

Nikangoja. Amina ilikawia, kisha ikaja, ndogo.

Mama Jacklyne akachukua simu. "Kabiru, bado iko," akasema. Akanitazama, halafu akageukia dirisha lililozibwa na nguo za majirani. "Lakini ujue inaruka mishono. Kuna kitu kimelika huko chini. Sio mimi nimeona, ni mama mmoja anayesomea ushonaji." Akasikiliza kwa muda mrefu, akaiweka simu mezani. "Anasema atakuja kuangalia. Hiyo sauti si ya mtu wa kuja."

"Pole, mama."

"Ee." Akanijazia kikombe. "Kunywa chai, isipoe."

Nilikunywa polepole, miguu nimeinyoosha chini ya meza. Jumatatu jioni nitakuwa tena wa mwisho kwenye foleni ya zile nne za darasani.