Suruali ya Mwenyekiti

Mama Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni akimpima Mwenyekiti wa mtaa kiuno. Magoti yalimuuma, na bwana mkubwa wala hakuacha kuongea na simu.

"Wafadhili wanakuja Jumamosi," Mwenyekiti alisema alipokata simu. "Suti hii lazima inipendeze."

"Na wasichana, mzee? Wataanza lini?"

"Wasichana gani?"

Wale ambao Mama Fundi alikuwa akiwafundisha kushona barazani kwake kila watokapo shule, kwa cherehani moja ya mkono aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mwenyekiti ndiye aliyekuja na maneno matamu ya ushirikiano: shule itoe chumba, wenye maduka watoe cherehani mpya, naye Mama Fundi, kama mchango wa jamii, atoe ile ya kwake. Umoja ni nguvu, akaambiwa. Akatoa. Tangu hapo chumba kina kufuli, ufunguo uko mfukoni mwa Mwenyekiti, na jioni wasichana wanazurura mitaani. Mmoja ameshabeba mimba.

"Hatutaki cherehani mpya ziharibike kabla wageni hawajaziona," Mwenyekiti alisema. "Subira, mama. Nitakufungulia ushone suti yangu, kisha nafunga."

Akashona. Koti lilimkaa mwenyewe kama aliyezaliwa nalo. Suruali, kule nyuma, aliipiga bandi tu, ule ushonaji wa muda unaofumuka ukivutwa, halafu akainyoosha kwa pasi. Mdharau mwiba mguu huota tende, alijisemea, na usiku huo akalala usingizi wa pono.

Jumamosi, mbele ya wageni na wazazi, Mwenyekiti aliinama kukata utepe mlangoni. Suruali ikaachia kuanzia kiunoni mpaka mapajani. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mama Fundi hakucheka. Alitazama tu, moyo wake ukishiba.

Lakini asiye na haya ana mji wake. Mwenyekiti alinyakua kitambaa cha meza ya wageni, akajifunga kiunoni, akaivua suruali na kuiinua juu.

"Wageni wetu, bahati nzuri tuko penye mafundi!" alisema akitabasamu. Akamwita binti wa dada yake Mama Fundi, mmoja wa wale wasichana. "Njoo binti. Waonyeshe mnachojifunza hapa."

Binti aliingia chumbani, akakaa kwenye ile cherehani ya mkono ya bibi yake, akatunga uzi, akaishona suruali kwa mstari ulionyooka na kuufunga mwishoni, kama alivyofundishwa barazani. Kamera zilimulika. Wageni wakapiga makofi.

"Kila jioni wako hapa hapa," Mwenyekiti aliwaambia. "Mkituongezea cherehani tutafika mbali." Wageni walitikisa vichwa kukubali, wakapelekwa kula, na chumba kikafungwa.

Binti alikuja mbio, uso unang'aa. "Mama mdogo, umeniona? Nimeshona vizuri?"

"Umeshona vizuri, mwanangu," Mama Fundi alijibu, na kiganja kilichotaka kumzaba kofi akakiweka kichwani pake.