Mtori wa Ebenezeri

Ebenezeri hakuuliza. Aling'oa ukutani waya wa kisanduku kidogo kilichokuwa mezani, akachomeka friji ya bia aliyokuja nayo kutoka Dar, kisha akakiinua kile kisanduku kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya mfu.

"Na hiki ni nini, bwana mdogo?"

"Kompyuta," Eliudi alijibu. "Rudisha waya, kaka."

"Kompyuta! Kipande cha sabuni hiki?"

Alicheka mpaka kitambi kikatikisika. Ndugu waliokuja Marangu kula Krismasi wakacheka naye, maana mwenye gari kubwa hachekwi, huchekewa.

Eliudi alimtazama kwa dharau. Miaka kumi na tisa alibeba mizigo ya wageni mlimani, hadi magoti yakagoma, na watu wa namna hii aliwajua: viatu vipya, maneno mengi, wa kwanza kutapika. Kisanduku alikinunua kwa fundi wa Kiboriloni. Kilikula umeme kidogo kuliko taa ya zizini, na ndani yake kulikuwa na nyimbo za kwaya, picha za ukoo na sauti ya marehemu mama yao, Yuditha, iliyorekodiwa kila Jumapili katika mwaka wake wa mwisho. Simu yoyote pale nyumbani iliweza kuicheza bila bando la intaneti. Nakala nyingine haikuwapo, na kung'oa waya ghafla kungeweza kufuta yote. Mwaka ule Ebenezeri alikuja kumzika mama tu, hakuja kumuuguza.

Eliudi alichomoa friji, akakichomeka kisanduku. Hakikuwaka. Akausukuma waya ndani zaidi. Kisha taa ya kijani ikaanza kupepesa.

"Wenzenu wanaweka mtandaoni," Ebenezeri alisema. "Acheni ushamba."

Eliudi aligusa simu yake, akaongeza sauti ya spika.

"Ebenezeri amefika?" mama aliuliza, akikohoa. "Mwekeeni mtori wake, usipoe."

Hiyo ilikuwa rekodi ya Pasaka. Akafungua ya Juni. "Ebenezeri amefika? Mwekeeni mtori wake." Ya Septemba sauti ilikuwa pumzi tu, lakini swali lilikuwa lile lile.

Hakuna aliyecheka tena. Ebenezeri alitoka. Dirishani walimwona amesimama kaburini, kule migombani, kisha akakata jani la sale, lile ambalo Mchaga akiletewa hana budi kusamehe. Akarudi nalo, akabaki katikati ya sebule asijue ampe nani.

Eliudi hakunyoosha mkono. Alikuwa akifungua ya Oktoba.

Ebenezeri akainama, akaliweka jani kando ya kisanduku. Friji hakuichomeka tena.