Klipu ya Nne

Klipu tatu za kisanduku cha filta ya hewa zilikuwa zimeshafunguka, na Romani alikuwa amepeleka mkono kwenye ya nne, aliposita. Klipu ya nne haikushika kitu. Ilining'inia tu, na mahali pake palifungwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kimezungushwa mara mbili na kuachiwa kitanzi kidogo cha kuvutia. Alikitazama kitanzi kile kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

"Hicho kimpira usinipotezee, Geuza," Nikodemu alisema nyuma yake. "Ndiyo dawa ya gari hili."

Nikodemu alikuwa dereva wa pikapu, mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenyeji wa Likawage kama Romani mwenyewe. Alipoingia gerejini pale Nangurukuru, Romani alimwamkia shikamoo kwa kuwa alimzidi umri, na mama yake alimfundisha kuwa shikamoo haitolewi kwa kupima mtu kafanya nini. Nikodemu aliitikia, "Marahaba, Geuza," akacheka kidogo, kama anayemgawia mtu pipi.

"Kwa nini klipu haifiki, kaka?" Romani aliuliza.

"Mjapani alisinzia siku ile. Tatu alizipima vizuri, ya nne akaikosea."

"Magari yako yote yalikuwa hivi?"

"Yote niliyoyaendesha. Mwanzo yanafunga vizuri, yakinizoea yanagoma." Nikodemu aliegemea mlango wa gari. "Unajua vile vilima kabla ya kufika kwetu. Gari likianza kukoroma, nashuka, naivua filta, naitupa kitini. Linapata pumzi, linapanda. Juu kule narudisha, nafunga kimpira, maisha yanaendelea. Nyie mafundi wa siku hizi hamjui kuwa gari lina mapafu."

"Na sasa linasumbuaje?"

"Linakula oili. Linatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Wewe weka filta mpya tu, litatulia. Kesho saa mbili naondoka, kuna ufuta unanisubiri." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Nimesema weka. Sijasema ile nyingine."

Wanaume wawili waliokuwa wakinywa chai upande wa pili walicheka kabla hata hajamaliza. Kichekesho chenyewe walikijua.

Kilikuwa na umri wa miaka tisa. Wakati huo Romani alikuwa kijana mgeni Kilwa Masoko, amejifunza ufundi kwa kufungua na kufunga injini zilizokufa, na alifanya kazi kwa Mehdi, mwenye duka la jumla aliyekuwa na pikapu ya kupeleka bidhaa vijijini. Nikodemu ndiye aliyekuwa dereva wake. Siku moja Nikodemu alimwambia, "Hebu igeuze hiyo filta," akiwa na maana aibadilishe, kwa kuwa ndivyo anavyosema mpaka leo. Romani akaitoa ya zamani, akaweka mpya, akafunga klipu zote nne. Baada ya mwezi na nusu injini ilikufa njiani. Fundi aliyeitwa kuifungua alikuta vumbi jekundu mpaka ndani ya silinda, na filta imelazwa juu chini.

Mehdi alimwita Nikodemu na Romani, akauliza. Nikodemu akajibu mbele ya wapakiaji wote, "Mimi nilimwambia ageuze. Naye, mtoto wa porini, akaigeuza kweli."

Watu walicheka mpaka wakashika magunia. Mehdi mwenyewe alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomfukuza Romani kazi. Alijaribu kusema klipu zote nne zilifunga kwa mkono wake. Nani angemsikiliza? Kicheko kilikuwa kimeshaamua.

Tangu hapo jina lilimtangulia kila alikokwenda. Alitafuta kazi Lindi, akakuta limeshafika. Alipumzika Kiswere kwa shemeji yake, mvuvi mmoja asiyemfahamu akamuuliza kama ni yeye yule Geuza. Alipofungua gereji yake mwenyewe, wateja walikuja, maana mkono wake ulikuwa mzuri, lakini walisimama juu ya kichwa chake mpaka amalize. Hilo alilizoea. Lililomshinda ni la mwaka huu, pale binti yake Esha aliporudi shuleni ameinamisha uso. Mwalimu alikuwa amesema tu, "Esha, geuza ukurasa," na darasa zima likaangua kicheko. Esha hakulia. Aliuliza, "Baba, ni kweli uliigeuza?"

Romani alimjibu hapana. Aliona mtoto anataka kumwamini na hana cha kushikia.

Usiku ule ndipo alipoacha kumwombea Nikodemu msamaha kwa Mungu na kuanza kumwombea aje gerejini kwake. Na leo amekuja, kwa miguu yake, akaacha ufunguo juu ya benchi.

Hamida, mwenye duka la spea jirani, alivuka na filta mpya ndani ya boksi lake. Alikuwa mama wa Kimatumbi mwenye maneno mengi na moyo usio na kona.

"Hii hapa, fundi. Nimekuchagulia yenye mpira mzuri." Akatazama benchi. "Na huo wembe wa nini? Filta hainyolewi."

"Wa kufungulia boksi."

"Boksi linafunguka kwa kidole." Alimtazama usoni, kisha akatazama pikapu. "Ni yeye, eh?"

"Ni yeye."

"Mimi ningemtilia sukari kwenye tangi."

"Sukari inaonekana, dada Hamida."

"Basi umeshafikiria," Hamida alisema taratibu, akarudi dukani kwake.

Alikuwa amefikiria, kwa miezi kadhaa, kwa mpangilio uleule anaofikiria kazi nyingine. Filta ya karatasi ina mikunjo mingi, na mikunjo miwili ya pembeni imejificha chini ya ukingo wa mpira. Ukiipasua hiyo kwa wembe, hakuna jicho litakaloona. Ukiiinua filta juani, mwanga utapita sawasawa kama unavyopita kwenye filta mpya. Kwenye lami mtu angekwenda nayo mwaka mzima asijue. Lakini kwa njia ya Likawage wakati wa kiangazi, ambako hata filta nzima ikipita miezi mitatu mwenye gari anajidanganya, vumbi lingeingia kama unga kwenye chekeche lililotoboka. Safari nne, labda tano. Halafu Nikodemu angekaa kando ya barabara, boneti juu, na wapita njia wangemuuliza imekuwaje.

Romani aliitoa filta kwenye boksi, akaupata mkunjo kwa ncha ya kidole, akauweka wembe.

Kisha akauondoa. Hakuwa na huruma. Kilichomzuia ni kwamba kisanduku kilikuwa bado hakijafutwa, na katika maisha yake hakuwahi kutayarisha filta kabla ya kufuta mahali itakapokaa. Hata hii. Alijiambia atafuta kwanza, kwa kitambaa chenye unyevu, bila kupuliza kwa kompresa, maana upepo ukipulizwa ndani ya kisanduku unasukuma vumbi kule kule lisikotakiwa. Atafuta, ataziba mdomo wa bomba la kwenda kwenye injini, halafu atakata.

Akavuta kitanzi. Mpira ulifunguka kwa mvuto mmoja. Ndipo akajua kwa nini kitanzi kile kilimsimamisha. Aliwahi kukiona miaka tisa iliyopita, kwenye kisanduku cha pikapu ya Mehdi, siku ile injini ilipofunguliwa. Mizunguko miwili na kitanzi cha kuvutia: ndivyo madereva wa mizigo wanavyofunga turubai. Siku ile wote walikiona, na wote walisema, tazama, ameigeuza filta, klipu ikakataa, akafunga mpira. Yeye, ambaye hakuwahi kufunga turubai katika maisha yake.

Akainua kifuniko.

Filta ilikuwa imelala juu chini.

Ukingo wa mpira, unaotakiwa kutazama juu na kubanwa na kifuniko, ulikuwa chini, umekaa kama mtungi juu ya ngata. Kwa mtu asiyejua, kweli ndivyo ungeonekana unapaswa kukaa. Kwa sababu hiyo kifuniko kilipanda upande mmoja, klipu ya nne haikufika, na pale pembeni palikuwa na mwanya wa kupitisha kucha. Kwenye mwanya huo vumbi jekundu lilikuwa limechora njia yake, laini kama hina iliyotwangwa.

Romani aliacha kila kitu kilivyo. Alivua ukanda wa bomba la upande wa injini, akaingiza kidole ndani, mahali ambapo mtu akigusa anapaswa kutoka na kidole safi. Kilitoka chekundu mpaka kwenye kifundo. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akasugua tone moja kati ya vidole viwili. Ilikwaruza kama mchanga wa ufukweni.

Akakaa kwenye ndoo.

Alichotaka kumfanyia, Nikodemu alikuwa amekwisha kujifanyia. Injini ile ilikuwa imekwisha. Kwa filta nzima au iliyokatwa, isingeona mvua za mwaka huu. Romani alijiona kama mtu aliyenoa panga siku nzima, akafika shambani akakuta adui amekwisha kufyeka migomba yake mwenyewe, tena kwa kuimba. Alikasirika kuliko alivyokuwa asubuhi. Miezi yote ile ya kupanga, na hakuna kilichobaki cha kuharibu.

Hasira ilipopungua, akaanza kupanga mambo moja moja. Kama Nikodemu alijua miaka tisa iliyopita kuwa ni mkono wake, angeacha kuigeuza. Mwongo angejirekebisha kimya kimya, angalau kwa gari lake mwenyewe. Huyu hakujirekebisha. Aliivua mlimani, akairudisha juu chini, akamlaumu Mjapani, akaendelea mpaka leo, na akaeleza yote bila kuulizwa sana, akiegemea mlango. Kwa hiyo hakudanganya. Aliamini. Kichekesho chake, katika moyo wake, kilikuwa kweli tupu.

Hilo lilimuuma Romani kwa namna mpya, kwa sababu lilimnyang'anya yule mwongo aliyemchukia miaka tisa. Alimtafuta mtu mwingine wa kuweka mahali pake, akampata ni yuleyule, ila mjinga badala ya mwongo. Akajiuliza kama inatosha. Akamkumbuka Esha na uso wake ulioinama. Ilitosha.

Akaurudisha wembe kwenye sanduku la vifaa. Akipasua karatasi hii, jina lile litakuwa lake kwa haki. Akapiga simu Kilwa Masoko.

"Salaam aleikum, mzee Mehdi."

"Waaleikum salaam. Nani mwenzangu?"

"Romani."

"Romani yupi?"

"Geuza."

"Ah, Geuza. Sema, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Kesho ni siku yako ya kwenda Lindi. Ukipita hapa naomba unywe chai kwangu. Saa moja na nusu. Kuna kitu cha gari nataka uone kwa macho yako."

"Cha gari gani?"

"La Nikodemu. Na lako, lile la zamani."

Upande wa pili ulisikika mlango wa duka ukifungwa. Mehdi alikuwa mfanyabiashara. Alijua kusikia kitu kilicho nyuma ya maneno. "Nitapita," alisema.

Romani alirudi kwenye pikapu. Filta ya zamani hakuigusa. Aliiacha juu chini vile vile, na njia ya vumbi vile vile, akafunika kisanduku kwa kipande cha kanga kikuukuu ili upepo usifute ushahidi. Mpira wa tyubu aliuweka juu ya kanga, kitanzi kikitazama mbele. Filta mpya aliirudisha kwenye boksi lake, nzima, bila mkwaruzo.

Asubuhi wale wanywa chai watakuwepo, hawakosi. Mehdi atakuwepo. Kabla Nikodemu hajafika, atafunua kanga na kuwaonyesha, kwa sauti yake ya kawaida. Kisha ataitoa filta ya zamani na kufuta kisanduku, na Nikodemu akifika, kabla ya neno lolote, filta mpya ataiweka mikononi mwake. Atamwambia, iweke mwenyewe, kaka, wewe ndiye unayelijua gari hili. Na Nikodemu, mbele ya watu, kwa madaha yake, ataiweka kama alivyoiweka miaka yote. Klipu ya kwanza itafunga. Ya pili. Ya tatu. Halafu atatafuta mpira wake.

Hapo Romani atasema neno moja tu. Alilijaribu kimya kimya mdomoni, kwanza kwa ukali, kisha kwa upole. Kwa upole lilikata zaidi.

Baada ya hapo atamwambia pia kuhusu injini, kwamba asiende Likawage nayo. Hilo ni la kifundi, na halihusiani na lile lingine.

Adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Hamida alikuwa anafunga duka, akachungulia.

"Umemaliza?"

"Bado. Imebaki kuweka filta."

"Si kazi ya dakika tano hiyo?"

"Ndiyo," Romani alisema, akitundika kitambaa cha kufutia kwenye waya, kikiwa bado na unyevu. "Dada Hamida, kesho fungua mapema. Njoo na kiti."