Kopo Lililosema Maneno ya Kanga

Usiku wa jana Mwalimu Stumai Sekibaha aliota yuko kazini, na jambo hilo lilimuudhi kuliko yote yaliyofuata. Mtu unashinda na darasa la tatu kutwa nzima, unarudi nyumbani hoi bin taabani, unajitupa kitandani hata hujala, halafu usingizi unakuchukua na kukurudisha palepale ulipotoka.

Lilikuwa darasa lake hasa, na meza yake yenye mguu mbovu. Ukutani zimetundikwa kazi za watoto za mchana ule, tayari kwa maonyesho ya asubuhi. Ilikuwa sanaa ya popu, ile waliyofundishwa walimu kwenye semina. Chukua kitu cha kawaida, mwezeshaji alisema, kikuze, kirudie, kipake rangi kali, kipe na maneno. Basi watoto walikuwa wamebeba kutoka majumbani kwao pakiti za majani ya chai, vizibo vya soda, maboksi ya viberiti, makopo matupu na vipande vya kanga, wakabandika na kupaka mpaka sare zikabadilika rangi. Kila kitu kilitokwa na wingu la maneno, kama kwenye katuni.

Sasa kanuni zile zimeanza kujitekeleza zenyewe. Mwalimu mkuu, Bwana Mhina, anaingia akiwa wanne: mwekundu, wa njano, wa kijani na wa buluu. Wote wamevaa tai moja ileile.

"Mwalimu Stumai, maonyesho tayari?" anauliza mwekundu.

"Bado kidogo, mwalimu mkuu."

"Mwalimu Stumai, maonyesho tayari?" anauliza wa njano.

Akawajibu wote, mmoja mmoja, kwa adabu ileile. Hata akiwa macho alikwisha kuzoea, maana Bwana Mhina wa mchana naye huuliza jambo moja mara nne. Tofauti ilikuwa rangi tu.

Walipotoka akataka kuketi, lakini kiti kilikuwa na mtu. Kopo la nyanya la mwanafunzi wake Nasra limeshuka ukutani, limekua likawa na ukubwa wa tangi la maji, limekalia kiti cha mwalimu kama cha kwao.

"Samahani, hicho ni kiti changu," alisema Mwalimu Stumai.

"Nipo njiani, usifunge mlango," likajibu kopo, kwa sauti nzito ya kiume.

"Njiani kwenda wapi, na umeshakaa?"

"Nipo njiani, usifunge mlango."

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na kopo hili halikuwa na hata nyanya moja. Mwalimu Stumai alikuwa amechoka mno kubishana na kopo. Akaegemea meza, mguu mbovu ukalalamika.

"Usijisumbue," ikasema sufuria ya gundi iliyokuwa sakafuni. Ilikuwa gundi ya unga wa ngano, aliyoipika mwenyewe alfajiri, na juu ilishafanya utando. "Halijui maneno mengine zaidi ya hayo liliyobandikwa. Ukitaka kuongea nalo pitia kwangu. Mimi ndiye niliyeliunganisha nayo."

Mwalimu Stumai akalitazama wingu la maneno la lile kopo. Lilikuwa kipande cha kanga, kimekatwa kwa uangalifu, kimeandikwa kwa herufi kubwa: NIPO NJIANI USIFUNGE MLANGO. Alikikumbuka. Mchana Nasra alipokitoa mfukoni, aliona wazi kwamba kitambaa kile si kuukuu, rangi bado inang'aa. Alitaka kumuuliza amekitoa wapi. Akachoka kabla swali halijafika mdomoni.

Mlangoni inaingia kanga. Imejifunga vizuri kiunoni, ila hakuna mtu ndani yake. Chini, pale maneno yanapokaa, ina tundu la mstatili. Nyuma yake anakuja Nasra, uso umejaa vidoa vya rangi vinavyodondoka sakafuni kila akipiga hatua.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Na kanga ya mama. Imekuja kudai maneno yake. Yenyewe haiwezi kusema, ndiyo nimeisindikiza."

Kanga ikainama kidogo, kwa heshima.

"Nasra, si niliwaambia kanga kuukuu?"

"Ulisema, Mwalimu. Halafu ukasema tukate kipande kinachosema zaidi."

Kweli alisema. Ilikuwa sentensi nzuri, alitoka nayo semina. Sasa ilimgeukia.

"Ni ya baba," Nasra aliendelea. "Alipokwenda machimboni alinunua doti. Upande mmoja akaondoka nao, wa kujifunikia huko. Huu akamwachia mama. Mama akitaka kulala anausoma kwanza, halafu anauegesha mlango. Haufungi."

"Na leo?"

"Leo hajaona maneno. Amekaa kitandani. Halafu ameanza kutafuta komeo."

 Uchovu wa Mwalimu Stumai haukuondoka, lakini hofu ilikuja ikaketi karibu yake. Ukuta wa nyuma wa darasa haupo tena. Pale ipo nyumba ya Mama Nasra, na mlango wake wa mbao unajifunga taratibu, bila upepo. Mwalimu akakimbia, akatia mguu katikati ya mlango na kizingiti. Ukambana, lakini ukasimama.

Ikabidi aongee na darasa kwa kugeuza shingo.

"Gundi! Liambie kopo lirudishe maneno ya watu."

"Nipo njiani, usifunge mlango," likasema kopo.

"Linakataa," ikasema gundi.

"Kwa nini?"

"Nipo njiani, usifunge mlango."

"Linasema kiwandani lilijazwa bila kuulizwa, jikoni likamwagwa bila kuulizwa, na jalalani likakaa mvua mbili. Tangu lizaliwe hii ndiyo mara ya kwanza kupewa nafasi ya kusema. Halitaki kunyamaza tena."

"Yote hayo umeyatoa kwenye sentensi ileile?"

"Ni namna linavyoisema."

"Basi kibandue wewe."

"Siwezi. Soma ubao."

Ubaoni, kwa mwandiko wake mwenyewe, paliandikwa: KILICHOBANDIKWA HAKIBANDULIWI. Aliandika hivyo mchana kwa sababu watoto walikuwa wanabandua kazi za wenzao.

Upande wa pili wa mlango ikasikika sauti ya Mama Nasra, ya mtu aliyelia akamaliza. "Mwalimu, toa mguu wako, tafadhali. Mimi nimechoka."

"Nisubiri kidogo, Mama Nasra."

"Na yeye ndivyo anavyosema."

Mwalimu Stumai akaukaza mguu. Mlango ukasukuma tena, akasikia kisigino kinauma kama cha mtu aliye macho.

"Kubadilishana kunaruhusiwa," gundi ikasema polepole, kama mfanyabiashara anayejua mteja hana pa kwenda. "Maneno kwa maneno."

Akalitangazia kopo yote aliyoyajua. Elimu ni mwanga. Usafi ni afya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila moja kopo lililijibu kwamba lipo njiani, na gundi ikatafsiri kwamba hayo yamejaa kwenye kuta za shule nzima, hayana mwenyewe.

"Linataka maneno ambayo mtu alimwambia mtu," ikasema. "Kama hayo uliyovaa."

Hapo ndipo Mwalimu Stumai alipojitazama. Amekuja kazini na kanga yake ya kulalia, na akina Bwana Mhina wote wanne wamemwona. Lakini aibu haikupata nafasi, kwa sababu alijua gundi inataka nini. Kanga ile alinunuliwa na mama yake, wiki aliyoanza ualimu. Mama yake hakuwa mtu wa kusema na watoto. Ukimkosea ananunua kanga, ukimfurahisha ananunua kanga, anakuwekea kitandani na kwenda zake shambani. Hii iliandikwa PUMZIKA MWANANGU KAZI HAIISHI. Tangu mama yake azikwe, sauti aliyobaki nayo ni hiyo.

Hakutaka kuitoa, hakutaka kabisa. Akafikiria kumwambia Nasra aende nyumbani, mambo ya watu wazima yatajipanga. Akafikiria kwamba mwanamume aliye njiani muda wote huo huenda hata njia yenyewe ameisahau. Akamtazama Nasra. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa ameshika pindo la ile kanga isiyo na mtu, kwa mkono wenye rangi, anangoja.

"Chukueni," akasema Mwalimu Stumai.

Herufi zikashuka kutoka kwenye pindo lake moja baada ya nyingine, kama sisimizi, zikavuka sakafu, zikapanda kopo. Herufi za kopo nazo zikashuka, zikaingia kwenye tundu la kanga, na pale zilipolala kitambaa kikaziba. Kanga ikajikung'uta. Ikakohoa kidogo, kama mtu aliyenyamaza siku nyingi.

"Nipo njiani, usifunge mlango," ikasema.

Haikusema kwa sauti kubwa. Mlango ukaacha kusukuma. Mwalimu akasikia komeo likiwekwa chini, sakafuni, na mlango ukabaki umeegeshwa tu. Akautoa mguu wake. Nasra na kanga wakapenya ndani bila kuaga, kama wafanyavyo watoto wakifika kwao.

Bwana Mhina anarudi, wote wanne kwa mstari. Mwekundu anafungua mdomo kuuliza kuhusu maonyesho. Kopo linamtangulia.

"Pumzika mwanangu, kazi haiishi," linasema, na sauti ni ya mama yake Mwalimu Stumai, na lafudhi yake ya Kisambaa haikupungua hata kidogo.

Bwana Mhina akatazamana na wenzake. Hawakuwa na swali lingine. Kopo likanyanyuka kwenye kiti, likakipangusa, likamwachia nafasi. Mwalimu Stumai akaketi, na palepale akaamka.

Dirishani kulianza kuwa na mwanga. Alikuwa kitandani kwake, kanga ya mama yake juu yake kama kawaida. Akasikiliza jogoo wa jirani. Kisha akalivuta pindo mpaka karibu na macho.

Maua yalikuwepo, na mistari ya pembeni ilikuwepo. Pale palipokuwa na maneno palikuwa peupe. Hapakukatwa wala hapakupauka. Akapitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, uzi ulikuwa laini, kana kwamba hapajawahi kuandikwa kitu.

Alilia, na wala hakujizuia, maana alimpenda mama yake na hakuwa na kitu chake kingine. Alipomaliza akafikiri vizuri. Kama yake yameondoka, basi ya Mama Nasra yamerudi, na asubuhi hii kuna mlango katika mji huu huu wa Korogwe ambao haukufungwa.

Halafu likamjia jambo jingine, likamuuma zaidi. Miaka yote hiyo amejifunika maneno yale kila siku, na hakuwahi kuyatii hata mara moja. Kulikuwa kunakucha, na maonyesho yalikuwa ya asubuhi. Mwalimu Stumai akaivuta kanga hadi kichwani, akalala.